Chupa ya Habasoda na Kifua cha Rael

Benchi yetu hapa Oyugis iko mbele ya duka ya mshonaji, na kama hujawahi kuikalia, pole, elimu yako bado. Sisi ndio tulijua Uhuru inakuja kabla serikali ijue. Kahawa ni ya Nyarangi, Mkisii, tunamwita Tani kwa sababu ya ule mwili. Ukimwagia jiwe kahawa yake, linaamka linauliza njia ya Kisii. Kando yake hukaa Nashon Mkalimani, aliyeenda mgodi wa Macalder kutafuta dhahabu akarudi na Kiswahili. Mimi ni Redio, na sababu utaisikia mwenyewe. Asubuhi moja jirani yetu Simeon alifika meno yote nje. Tulijua kwa nini. Bibi yake Rael, aliyelazwa na kifua tangu mavuno, sasa anatembea.

— Ndugu zangu, erokamano! Asanteni sana! Ile chupa ya mafuta ya habasoda mlinishauri ninunue kwa yule Mswahili wa Mombasa imeniokolea nyumba. Jana Rael ameshika jembe!

— Shukuru Mungu, omera, ndugu yangu, halafu mimi, alisema Mkalimani. Yule mtu alikuwa anaongea kama gunia ya mtama imepasuka. Nani alishika maneno yake? Ni mimi peke yangu.

— Lakini habasoda ni nini hasa? aliuliza Tani.

— Wewe mimina kahawa, alisema Mkalimani. Haba ni kidogo. Soda ni soda, si unaionanga dukani? Sasa hiyo mbegu nyeusi iko na gesi kidogo ndani. Gesi inaingia kifua, inasukuma ugonjwa nje. Ndio wazee walisema haba na haba hujaza kifua.

— Kibaba.

— Kwenu Kisii ni kibaba.

Nikaona wananiacha nyuma.

— Hiyo ni mchezo, nilisema. Ndhiwa kuna mzee goti yake ilikuwa inalia kama mlango wa kanisa. Alinusa kifuniko tu. Kifuniko! Akashindana na trekta kupanda mlima, ikamkuta juu amelala, amechoka kungoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini akipata habasoda guu inarudi.

— Kwetu ng'ombe mzee ilikunywa maji ya kuoshea chupa, alisema Tani. Sasa inazaa mapacha, na inakataa kukamuliwa na mtu hajasoma.

— Ndio maana siku hizi unauza kahawa bila maziwa!

Tulicheka mpaka mshonaji akachungulia. Simeon alicheka kuliko sisi wote, halafu akapiga paja.

— Basi mnaona! Nimekata shauri. Kesho ni siku ya ile sindano amekuwa akidungwa kule Homa Bay, na Rael haendi. Sindano kwisha. Daktari alisema asikose hata moja, ati ugonjwa utarudi na hasira. Lakini mtu si amepona?

Tani aliangalia kikombe yake.

— Alisema utarudi?

— Daktari hakujua tuko na habasoda, alisema Mkalimani. Chema chajitembeza, kibaya chajiuza. Mswahili alijitembeza kutoka Mombasa mpaka hapa. Daktari amekaa tu Homa Bay.

— Kabisa! nilisema.

Hapo ndipo tukamwona Rael mwenyewe anatoka sokoni, kikapu ya dagaa wa omena kichwani, anakanyaga chini kama mwenye shamba. Mara ya mwisho alipita hapa amefungwa kwa baiskeli kama mzigo. Tani alishukuru Mungu kwa Kikisii, sisi kwa Kijaluo.

— Shemeji zangu, hamjambo? Najua mliniombea. Asanteni.

— Shukuru mafuta, shemeji!

— Ndio imenileta, alisema Rael, akatoa chupa ndani ya leso. Nilitaka kuuliza. Hii ni ya kunywa ama ya kupaka?

Sote tulimgeukia Mkalimani.

— Ya kunywa, alisema Tani.

— Ya kunusa, nilisema mimi.

— Yule Mswahili alisema... alianza Mkalimani, na macho yake ikaenda barabarani, kama Mswahili atatokea hapo amsaidie.

— Simeon naye hakujua, alisema Rael. Nikaogopa kukosea. Sijaifungua.

Simeon alichukua chupa, akaigeuza. Nta ya kuziba mdomo wa chupa ilikuwa mzima, kidole haijagusa. Alituangalia mmoja mmoja. Mimi Redio nikakosa stesheni.

— Rael, alisema polepole, basi ya Homa Bay inapita saa ngapi?

— Alfajiri.

— Tutaenda wawili.

Halafu akamtua ile kikapu. Hapa kwetu mwanaume habebi kikapu kichwani, hata kama inaungua. Simeon alijitwika omena yote, mbele ya soko nzima, mchana kweupe, akatangulia njia ya nyumbani. Na hakuna mtu wa benchi aliyecheka.