Ribiti Saba za Shaba

Katri, kaa hapa kitandani, na wewe Tuomo sogeza kiti uje mahali ninapoweza kukuona uso, maana leo nina maneno ya kusema na pumzi ya kuyasemea ni haba, na atakayenikatiza atakuwa ameila pumzi hiyo bure. Vikombe viacheni mezani. Daktari aliwanong'oneza pale mlangoni akidhani ugonjwa wa mapafu huziba na masikio, lakini nilimsikia. Basi pokeeni wosia wangu ningali na akili zangu, mimi Hilja mama yenu, niliyegonga ribiti, zile pini za kuunganishia mabati, miaka ishirini na sita katika karakana ya boti, nikawalisha kwa nyundo hiyo.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba na sauna ni vya Katri, kwa kuwa ndiye aliyerudi kuniangalia. Msitu wa misonobari ni wenu wawili, wala msiukate wote kwa msimu mmoja kama watu waliotoka kwenye njaa. Nyavu mgawane, na ile iliyotatuka ishoneni kwanza ndipo muilaumu. Hayo yamekwisha. Sasa boti.

Boti ile ya alumini baba yenu Armas aliinunua mwaka aliozaliwa Katri, ikitoka karakana yetu, na ribiti za ubavu wake wa kushoto nilizigonga mimi. Mnajua ilivyomtenda. Oktoba ile, miaka kumi na moja sasa, alitoka asubuhi kwenda kuvuta nyavu zake za samaki wadogo wa muikku, na maji ya ziwa letu la Saimaa mwezi huo hayampi mtu nusu saa. Walimkuta kwenye matete, na boti karibu naye imejaa maji, bati la chini limefumuka. Watu wakasema Kalervo wa ng'ambo ya ziwa aliiazima mwezi Agosti, akaigonga mwamba, akairudisha kimya. Nami sikungoja ushahidi. Siku ya mazishi, katika ukumbi wa kanisa, mbele ya kahawa na keki na macho ya kijiji kizima, nilimkabili Kalervo nikamwambia, "Umemuua rafiki yako kwa kuona haya kusema umegonga mwamba!" Akanitazama. Kisha akakutazama wewe, Tuomo. Halafu akavaa kofia yake akatoka.

Nawe ulikuwa umesimama kando yangu ukikoroga kahawa, wewe ambaye hujawahi kutia sukari kwenye kahawa maishani mwako.

Tangu hapo sikumsalimu yule mtu. Tukikutana dukani kwenye rafu ya maziwa, mimi nageuka nakwenda kusoma maandishi ya makopo. Mwezi Machi alipofariki, kengele za kanisa zilinifikia juu ya barafu, nami nikaendelea kukanda mkate. Sikwenda kumzika. Jueni hilo juu ya mama yenu, lisisemwe na majirani tu.

Mwezi Juni nikamwambia Katri anisaidie kuipindua boti, ambayo ilikuwa imelala chini ya turubai nyuma ya banda tangu siku ile, kwa kuwa sikuwa na moyo wa kuitazama. Nilitaka niwaachie kitu kizima. Nikakwangua rangi, na chini ya rangi nikakuta puti ya kuzibia, na chini ya puti nikakuta kiraka kilichoachia upande mmoja kama kifuniko cha kopo. Pembe zake kali, wakati niliwafundisha wote wawili kwamba kiraka hukatwa pembe za mviringo, maana ufa huanzia kwenye pembe. Na ribiti zake saba hazikuwa za alumini. Zilikuwa za shaba, zile za kopo la babu yenu, alizotumia kwa boti za mbao. Kwenye mbao shaba ni mfalme, wanangu, lakini kwenye alumini ni mchwa: ikipata maji huila ile alumini taratibu, kiangazi baada ya kiangazi, hadi kingo za tundu zinakuwa unga mweupe. Niliingiza kidole, alumini ikapukutika. Na vichwa vyote saba vilikuwa vimelalia kulia, jinsi vinavyolala vikipigwa na mkono wa kushoto. Kalervo alitumia kulia. Katika nyumba hii wa kushoto ni mmoja, na mimi ndiye niliyekwenda shuleni kugombana na mwalimu aliyetaka kumgeuza.

Usiinamishe kichwa, Tuomo. Nitazame.

Nilipanda basi la Jumatano peke yangu hadi kwa Raili, mjane wa Kalervo. Akanimiminia kahawa bila kuniuliza nimefuata nini. Nikaweka ribiti moja mezani. Akaitazama, akasema, "Hilja, umechelewa miezi mitatu." Ndipo akanieleza. Kwamba miaka minne kabla ya kifo cha baba yako uliichukua boti bila ruhusa kwenda kwenye sherehe ya mioto ya katikati ya kiangazi, ukarudi umeitoboa kwa mwamba, na Jumatatu yake Kalervo akakukuta nyuma ya banda lake la nyavu ukigonga peke yako, ng'ambo kule, ili mimi nisisikie nyundo. Akakwambia, "Kijana, hiyo shaba hiyo! Kamwonyeshe mama yako, fundi ni yeye." Nawe ukamjibu, "Kesho tu, mzee, nitamwonyesha." Nikamuuliza Raili kwa nini basi mumewe alinyamaza nilipomvua nguo mbele za watu. Akasema, "Alisema mwanamke aliyezika mume Jumamosi hawezi kunyang'anywa mtoto pia Jumamosi hiyo hiyo. Alisema, mpe kijana wiki, atasema mwenyewe."

Wiki! Ameingia kaburini akikungoja.

Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Sikushiki kwa ule mwamba, nani hajagonga? Wala sikushiki kwa shaba. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili na bia kichwani, mjinga, si muuaji. Kinachoniunguza ni ile kahawa uliyokoroga. Uliniacha nimtupe mtu mwema. Kila Jumapili ulikula supu yangu ya samaki. Ulinitazama navuka barabara nimkwepe, nawe ukanibebea kikapu. Umenisaliti, mwanangu, na nalisema kwa sauti ili nisife nalo kifuani, ambamo hamna nafasi tena.

Hapana, Katri, usiniinue bado. Acha nimalize.

Boti ni ya Raili. Viungo vyote vinavyovuja nimekwisha kuvikaza majira haya ya joto, ila lile tundu nimeliacha. Kiraka nimekikata, kiko juu ya meza ya banda, na ribiti za alumini ziko kando yake. Sugueni alumini hadi ing'ae, pakeni gundi ya kuziba, ndipo mtoboe. Tena kugonga ribiti ni kazi ya wawili, mmoja anapiga kwa nje, mwingine anakaza kipande cha chuma kwa ndani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Zako zililegea kwa sababu ulifanya peke yako, Tuomo, hukutaka mtu ajue. Katri atakushikia chuma. Mkasirikie, Katri, una haki, lakini mshikie. Mkimaliza, kabla ziwa halijaganda, Tuomo ataisukuma majini mwenyewe, akae ndani mwenyewe, avuke mwenyewe. Vaa jaketi la kuokolea, sikutumi ukafe. Ukifika, vua kofia, umwambie Raili yale yote.

Njoo, Katri, inama. Mungu akupe mikono isiyotetemeka na... na nyumba yenye moto. Umenitunza. Nenda na radhi yangu yote.

Wewe, Tuomo... baraka yako haipo hapa. Nilimwachia Raili, neno kwa neno, siku ile ile, nikalia nikiisema. Atakupa ukishamaliza kusema yako. Si kabla. Kaifuate, baba.

Sasa nenda... nendeni wote wawili. Kungali na mwanga. Mto huu wa kichwani... hapo, panatosha. Nyundo iko bandani. Mlango uacheni wazi, nataka kuisikia.