Wenzangu Watatu Ambao Hawakuwepo

Kanisa, sifa zote zimwendee Bwana wetu! Nawasalimu nyote mliofika kwenye ibada hii ya Kiswahili. Naitwa Dativa. Mnaniona kwenye kwaya, safu ya nyuma, lakini wengi wenu hamjui Bwana alinitoa wapi. Leo nitasema.

Ndugu zangu, mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Karagwe, Tanzania. Wazazi wangu wako huko hadi leo. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, na huko nilipata tabia iliyonifuata hadi Kigali: kukariri. Mwalimu anaandika ubaoni, wewe unanakili, unameza, siku ya mtihani unatapika. Nilipoletwa hapa kwa shangazi yangu kuanza sekondari kwa Kiingereza, nikaendelea kumeza. Maana ya sentensi siijui, nameza hivyo hivyo kama kasuku. Mtihani wa mwisho wa sekondari nikafeli.

Baba alikubali nirudie mwaka mara moja tu. Alisema hataweza tena baada ya hapo, maana wadogo zangu nao wanangoja zamu yao. Kwa hiyo likizo ile ya mwisho kabla ya mtihani ndiyo ilikuwa maisha yangu yote. Nikiipoteza, narudi Karagwe mikono mitupu.

Darasani nilikuwa mkubwa kuliko wote. Wanafunzi wenzangu walipanga kukutana mtaa wa Niboye, nyumbani kwa mmoja wao, wasome pamoja likizo nzima. Walinialika, sitawasingizia. Lakini nilijua wakianza kubishana watahamia kwenye Kinyarwanda cha haraka, na Kinyarwanda changu ni cha kuombea maji. Halafu wagundue kwamba aliyefeli mwaka jana bado haelewi? Nikasema bora nisome peke yangu.

Mwaka huo tulikuwa tumehama kutoka mtaa wa Rwezamenyo, mahali ambapo hata muuza vitunguu alinisalimia kwa Kiswahili. Shangazi alikuwa amejenga Gahanga, pembezoni mwa jiji. Nyumba nzuri, lakini mbele ni mashamba ya maharage na pembeni ni misingi ya nyumba ambazo hazijaisha. Shangazi ni muuguzi, anatoka mapema na kurudi amechoka. Mimi nashinda chumbani na majibu ya mitihani ya miaka ya nyuma, nayasoma kwa sauti. Swali la kwanza na jibu lake, la pili na jibu lake. Sauti niliyoisikia kutwa ilikuwa yangu mwenyewe.

Ndugu zangu, upweke ni ugonjwa! Mchana nilipika nikala nimesimama, maana kukaa mezani peke yangu kulinitia uchungu. Muuza maziwa akija, nilimchelewesha mlangoni nimuulize habari za ng'ombe wake. Yule mzee alidhani nataka kununua ng'ombe.

Sasa sikieni dhambi yangu. Baba alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Jumapili ya kwanza aliuliza nasoma na nani. Nikaona aibu kumwambia nasoma na ukuta. Nikamwambia tuko wanne, mimi na Aline na Diane na Olivier. Hao watu nilikuwa nimewaumba pale pale, simu ikiwa sikioni. Baba alifurahi mno. Jumapili iliyofuata akaniambia ameyapeleka majina yote manne kanisani kwake, na akina mama wamefunga kwa ajili yetu.

Niliumia! Watu wazima Karagwe wanashinda njaa kwa ajili ya watoto ambao hawapo. Nilipiga magoti nikaomba Bwana anipe kumbukumbu nimeze kitabu chote. Kusema kweli niliona maombi yangu yanagonga dari na kurudi.

Ikafika Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Mnajua wenyewe, kila nyumba inatoa mtu, na shangazi alikuwa zamu hospitali. Akaniambia niende mimi. Nilikwenda nimenuna, nahesabu maswali ambayo ningeyakariri muda ule. Tulizibua mtaro uliojaa udongo wa mvua. Kazi ilipoisha ukaja mkutano, na mkuu wa kijiji akaomba wageni wasimame wajitambulishe. Sikuwa na pa kujificha. Nikasimama na Kinyarwanda changu kibovu, nikasema jina langu, na kwamba mwaka huu nafanya mtihani wa mwisho. Wachache wakacheka. Nikakaa nikiangalia viatu vyangu vyenye tope.

Tulipotawanyika, mama mmoja akanifuata na jembe begani. Alikuwa Mama Keza, mwenye duka dogo pale njia panda. Alikuwa amesikia lafudhi yangu, akazungumza nami kwa Kiswahili cha hapa hapa kwetu.

"Mimi pia iko nafanya huo mtihani," akasema. "Niliacha shule sababu ya mimba, sasa nafanya kama mtu wa nje, bila shule. Lakini sina mtu wa kusoma naye. Wewe iko na mtu?"

Ndugu zangu, wiki tatu nilikuwa nimedanganya bila kujikwaa, na swali lile likanishinda. Nikamwambia sina mtu. Nikalia pale barabarani, mama wa watu akaweka jembe chini akanishika mkono.

Jumatatu nikaenda dukani kwake. Tulianza na somo la uchumi, habari ya bei na wanunuzi. Nikamtolea jibu lote kwa Kiingereza, bila kukosea hata nukta. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema vizuri," akasema. "Lakini hiyo maana yake iko nini?"

Nikarudia sentensi ile ile kwa Kiingereza. Nilikuwa nimeimeza sentensi ile miaka miwili! Tukaisoma upya, neno kwa neno, na kamusi. Yeye ndiye aliyeanza kuona. Akasema chumvi ikipanda bei watu wananung'unika na kununua, lakini maembe yakipanda wanaacha na kupita. Nikamwangalia nikaona ndiyo hiyo hiyo, kitabu kizima kilikuwa kinasema hivyo. Mimi niliomba kumbukumbu, Bwana akanipa mtu wa kuniuliza maana. Kila siku hadi likizo ikaisha tulikaa nyuma ya kaunta. Mteja akija, ananyanyuka, anauza sabuni, anarudi na swali jingine.

Jumapili ile iliyofuata umuganda, baba alipopiga, nilimwambia ukweli wote.

"Basi maombi yote manne yalikuwa yako," akasema. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa rahisi zaidi kwangu.

Nilifaulu, utukufu kwa Bwana! Si kwa alama za kutangazwa redioni, lakini zilitosha, na sasa niko mwaka wa kwanza chuoni. Mama Keza yule pale, mwenye kitenge cha kijani, anainamisha kichwa. Kwenye uchumi alinipita. Lakini historia ilimwangusha, na mwaka huu anarudia. Alipopata matokeo alijificha nisimwone siku nne. Nilipokwenda nikakuta amefunga duka na amejifungia chumbani, na nikakijua kile chumba bila kukiingia.

Kwa hiyo ndugu zangu, simalizi kwa kusema mtihani ni rahisi. Likizo imeanza. Kama una mtoto ndani anayesoma na ukuta, au ni wewe mwenyewe unayewaambia watu uko sawa, mwamini Bwana kiasi cha kufungua mlango. Kesho saa tatu asubuhi mimi na Mama Keza tunaanza historia. Kwenye benchi la nyuma ya kaunta yake tuko wawili, na benchi lile linabeba watu watano.