Kumuaga Sista Mkanda: Miaka Thelathini na Mitatu kwenye Mlango wa Wodi ya Wazazi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, muuguzi mkunga wetu mkuu anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, yote katika wodi moja. Jina lake kamili limo kwenye jalada la ofisi ya utumishi, lakini ukilitaja hapa hospitalini watu watakuna kichwa. Uliza Sista Mkanda, na hata mfagiaji aliyeajiriwa jana atakuonyesha njia.

Alipoanza kazi, mama akiruhusiwa alitoka na mtoto mikononi, akapanda gari akiwa amempakata. Hakuna aliyeona tatizo, naye hakuliona. Mwaka wake wa tatu, mtoto aliyekuwa amempokea duniani siku mbili kabla alirudishwa mchana akiwa amefunikwa uso. Gari lilikuwa limefunga breki ghafla, basi. Mama hakuwa na hata mchubuko. Katika miaka kumi na tisa niliyofanya naye kazi alinisimulia hilo mara moja tu, tena akiwa amenipa kisogo, anapanga mashuka.

Tangu hapo akaanza kusumbua watu. Aliandika barua hadi tukapata viti sita vya watoto vya gari, vya kuazimisha familia na kurudishwa siku ya kliniki ya kwanza. Nusu ya stoo ya mashuka ikawa ya viti. Akashona mwanasesere wa kitambaa, akamjaza mchanga kilo tatu, akamwita Mgeni. Mkurugenzi wa wakati ule aliposema kwamba mikono ya mzazi inatosha, Sista alimkalisha kwenye kiti cha magurudumu, akampakatisha Mgeni, akamsukuma mbio koridoni, kisha akasimama ghafla. Mgeni aliruka akagonga kabati la dawa, na miwani ya mkurugenzi ikamfuata. Wiki ile ile barua ya kuomba viti vingine vinne ilisainiwa.

Nasi alitufundisha mpaka tukaota. Kiti kifungwe siti ya nyuma, mtoto atazame nyuma. Mikanda itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo. Ukiubana mkanda kwa vidole viwili ukapata kunjo, umelegea, anza upya. Blanketi linakuja juu ya mkanda, kamwe si chini yake.

Lakini siku iliyomfanya awe Sista tunayemjua ni Jumanne moja, miaka kumi na moja iliyopita, na aliniomba mwenyewe nisiiruke.

Alikuwa anaondoka mama mmoja aliyekuwa amepoteza mimba mbili kabla ya kumpata binti yule. Mume wake, fundi redio, alikuja na gari la kuazima la kaka yake, lililotakiwa kurudishwa kabla ya saa sita. Bibi wa mtoto, mama yake fundi, alimfunga mjukuu shali tatu na kutangaza kwamba atampakata yeye. Amelea watoto saba mikononi, alisema, na hajaangusha hata mmoja.

Sista alizitoa shali moja baada ya nyingine. Alifunga mikanda, akaibana kwa vidole, akafungua, akafunga tena. Nyuma magari mawili yalikuwa yanapiga honi, na mlinzi wa geti alikuwa anapunga mkono kama anayefukuza kuku. Fundi alipandisha sauti. Bibi alisema kwamba wauguzi wa siku hizi wanajifanya wao ndio waliozaa. Mara ya tatu ndipo mkanda ulipokaa sawa. Bibi akaingia siti ya nyuma amenuna, akageuzia uso dirishani.

Mkanda wa upande wake ulikuwa umezama chini ya siti, kimebaki kichwa tu. Sista aliuona. Alikuwa ameshagombana na familia ile kwa nusu saa, na hakuwa na nguvu ya ugomvi wa pili. Akafunga mlango.

Saa tano kasoro dakika tano, simu ya wodi ililia. Kitengo cha dharura walikuwa wanamtaka Sista Mkanda haraka. Lori lililokatika breki lilikuwa limegonga gari dogo kwenye mzunguko wa barabara, na mpita njia mmoja alikuwa ameleta kiti cha mtoto kizimakizima, na mtoto akiwemo. Hakuna aliyethubutu kukifungua.

Nilimfuata nikikimbia. Kiti kilikuwa juu ya meza, kimejaa vipande vya kioo. Mtoto alikuwa kimya, macho wazi. Sista alipiga magoti, akaweka mgongo wa kiganja karibu na pua yake.  Alisikiliza. Akagusa utosi, akagusa tumbo, kisha akakwaruza unyayo mmoja kwa ukucha. Unyayo ukajikunja. Akakwaruza wa pili. Ukajikunja pia.

Daktari alipofika akasaidiana naye kufungua. Juu ya mabega mawili madogo kulikuwa na alama nyekundu, upana wa mkanda, basi. Mkanda ulipoachia, mtoto alifungua kinywa akalia kwa hasira, na daktari aliketi kwenye ndoo ya takataka akidhani ni kigoda.

Hatukupata muda wa kucheka. Mama wa mtoto, aliyekuwa amefunga mkanda, alikuwa na maumivu ya kifua lakini anaongea. Fundi alikuwa amevunjika mkono. Bibi alikuwa ametupwa katikati ya siti za mbele. Nyonga ilikuwa imevunjika, mbavu nne pia, na damu ilikuwa inavuja tumboni. Waliingia naye chumba cha upasuaji saa tano na nusu.

Sista aliketi kwenye benchi la nje, sare yake ina vumbi la kioo. Nilimpelekea chai, ikapoa. Nikamwambia ameokoa mtoto. Aliendelea kutazama mlango wa chumba cha upasuaji. Saa nane fundi alitoka kufungwa plasta, akaja kumshukuru. Sista alisimama kabla hajamaliza.

“Mkanda wa mama yako niliuona uko chini ya siti,” alimwambia. “Nikanyamaza.”

 Fundi aligeuka, akaenda wodini kwa mke wake.

Saa kumi na robo daktari wa upasuaji alitoka, akavua kofia, akasema bibi ataishi, ila kutembea kutachukua muda. Sista alienda moja kwa moja ofisini, akaandika taarifa ya tukio, na chini yake akaandika uzembe wake mwenyewe kwa mistari mitatu. Meneja wa wauguzi alimwambia kanuni zinamtaja mtoto tu, abiria wengine hawamhusu. Sista alimwomba abadilishe kanuni, kwa sababu taarifa haibadiliki.

Siku ya tisa alikiweka kile kiti sakafuni, akachukua mkasi wa kukatia plasta. Fundi alimkuta hapo. Alikuwa amekuja kukiomba akitunze kwa mtoto atakayefuata. Sista alimweleza kwamba kiti kilichopita kwenye ajali hakiaminiki tena, hata kikionekana kizima, na kisipokatwa mikanda kuna mtu atakiokota.  Fundi alichuchumaa, akavuta mkanda kwa mkono wake mzima ili mkasi upite vizuri.

Bibi alilala kwetu wiki saba. Sista alimtembelea kila siku baada ya zamu, lakini alichelewa sana kusema alichotaka kusema. Alipokisema, bibi alikuwa anajifunza kutembea na fremu.

“Mwanangu, siku ile hata ungeniambia, ningekukatalia,” bibi alisema.

“Najua, mama. Ningesimama mbele ya gari.”

Tangu mwezi ule ndivyo anavyofanya. Kila aliyemo kwenye gari afunge mkanda: dereva, shangazi, mjomba aliyekuja kubeba mabegi. Asiyefunga, Sista anaweka viganja viwili juu ya boneti na kutazama mbele. Amepigiwa honi na watu wakubwa. Mbunge mmoja alimwuliza kama anajua yeye ni nani. Sista alimjibu kwamba kwenye fomu ameandikwa babu wa mtoto. Magari tuliyoyaaga mlangoni pale katika miaka hii kumi na moja ni zaidi ya elfu tisa, na kanuni ilibadilishwa.

Zamu yake ya mwisho ilikuwa Alhamisi iliyopita. Mama wa mapacha alikuwa anaondoka, na stoo ilikuwa imebaki na kiti kimoja. Baba yao alisema mmoja atapakatwa kwa leo tu, si mbali. Sista alipiga simu kwa familia tano hadi akapata moja ya kurudisha kiti mapema. Walisubiri saa mbili na dakika kumi, baba akitembea huku na huko. Kiti kilipofika, Sista aliubana kila mkanda kwa vidole, akazunguka gari, akagonga paa mara moja. Waliondoka bila kuaga. Hawakujua ilikuwa siku gani kwake. Alisimama mpaka gari likapita geti, kisha akafungua pini ya beji yake, akaitia mfukoni, akaingia ndani kunawa mikono.

Sista, kwa niaba ya wodi, walinzi wa geti na madereva wote uliowachelewesha, asante. Tunakuombea asubuhi zisizo na kengele, miguu isiyovimba, na wajukuu watakaokuchosha kwa furaha. Nenda ukapumzike. Mlangoni tupo.