Povu la Samaki Uwanjani

Jumatatu ile manyunyu yalikuwa hayakatiki, na sisi wa benchi la chini ya matao, mbele ya baa ya Luzia hapa mjini Arrizubi, tulikuwa tumevimba kwa hasira tangu jana yake. Rais wa timu yetu, Balentin, mpishi mwenye mgahawa pale darajani, ambaye sisi tunamwita Sufuria, alikuwa amepiga marufuku mtu kuingia uwanjani na mkate wake wa nyumbani. Mkate wa kimanda cha viazi, umefungwa kwenye foili! Mkate ambao mimi naufungua kila mapumziko ya mechi tangu nilipokuwa nabebwa mabegani na baba! Eti tununue vyakula vyake. Benchi lilikuwa na watu wanne: Bixente, jina la kijiweni Kitunguu, maana kimanda kisicho na kitunguu kwake si chakula, Joxemiel, yaani Mwamuzi, aliyewahi kushika kibendera cha pembeni msimu mmoja na hadi leo anatupulizia filimbi, Mama Libe, muuza samaki mstaafu, ambaye akinong'ona anasikika ng'ambo ya mto, na mimi. Luzia alikuwa ameshatuletea kahawa kwenye glasi.

Kitunguu: Povu! Jamani, nimepewa povu! Nimekwenda na njaa yangu, nikapewa kikombe cha povu la samaki na kijiko cha kumlishia mtoto mchanga.

Mama Libe: Samaki gani?

Kitunguu: Eti chewa.

Mama Libe: Chewa nimemuuza maisha yangu yote. Akianza kutoa povu, baba, huyo ni wa kutupa!

Mimi: Na getini nimepekuliwa kama mwizi wa kuku. Mimi, ambaye babu yangu alibeba mawe ya kujengea lile jukwaa!

Mwamuzi: Nani alikupekua?

Mimi: Sufuria mwenyewe. Rais mzima, amesimama getini anabonyeza mifuko ya watu!

Mama Libe: Mimi hakuniona. Mkate wangu niliuweka ndani ya mwavuli.

Kitunguu: Wangu ulikuwa chini ya kofia. Mafuta yamenichuruzika hadi shingoni, lakini nikaingia.

Tulicheka, ila kicheko cha uchungu. Tulimchagua wenyewe yule bwana, kwa makofi, baada ya kutulisha maharage meusi ambayo sitayasahau. Ndiyo maana iliniuma.

Mwamuzi: Nyie mnalia na povu, hamjui mchezo wenyewe. Yule anatufanyia majaribio. Akibuni chakula, kwanza anatulisha sisi. Tukiwa hai hadi Jumatatu, anawauzia watalii.

Mama Libe: We Joxemiel, fikiri kidogo. Mtu akishinda njaa anapiga kelele?

Mwamuzi: Hapigi.

Mama Libe: Haya. Na Jumamosi nani wanakuja kucheza hapa? Olabarri. Watu wa Olabarri wanataka nini? Tukae kimya. Sasa jumlisha mwenyewe.

Kitunguu: Kahongwa!

Mama Libe: Mimi sijasema. Nimesema jumlisha.

Mimi: Mama Libe, hilo zito.

Kitunguu: Zito wapi! Ngojeni niwape zito. Jana alfajiri nimepita pale uwanjani. Nani nimemkuta peke yake, kainama, anachora mistari ya chokaa? Sufuria. Wiki iliyopita nani alikuwa anamwagilia nyasi? Sufuria. Nani kabeba mbolea kwa gari lake? Nawauliza, rais gani anabeba mbolea?

Mwamuzi: Hakuna.

Kitunguu: Shamba! Anapima shamba, jamaa yangu! Timu ishuke daraja, tuondoke, apande pilipili hoho za mgahawa wake. Nyuma ya goli la mtoni tayari kuna mche. Nimeuona kwa macho haya.

Mama Libe: Ule ni mbigili.

Kitunguu: Leo mbigili, kesho hoho!

Tulipiga benchi kwa viganja hadi glasi zikagongana. Kisha tukarudia, kwa mara ya sijui ngapi, ushujaa wetu wa jana: mapumziko yalipofika, jukwaa zima lilisimama, likatoa mikate yake kwenye miavuli na kofia, likampa Sufuria mgongo, na kula. Hakuna aliyezomea. Hakuna aliyerusha kitu, nani atatupa kimanda? Migongo tu na kutafuna. Nilipogeuka kuchungulia, alikuwa amesimama na trei yake ya vikombe, anatutazama.

Hapo ndipo alipotokea Maixabel, mke wa Sufuria, hajafungua hata mwavuli. Alipitisha mkono katikati yetu, akatua rundo la funguo kwenye benchi, kando ya glasi.

Maixabel: Balentin amejiuzulu. Anasema migongo ameiona.

Kitunguu: Tumeshinda! Luzia, ongeza kahawa!

Maixabel: Hongereni. Yuko jikoni kwake anamenya vitunguu, na anaimba, kitu ambacho sijakisikia tangu mmchague. Jezi zenu ziko kwenye mashine yangu, nitazianika. Sasa nauliza: Jumamosi uwanja anafungua nani?

Mama Libe: Si... kuna kamati?

Maixabel: Kamati ilikuwa Balentin na mimi.

Kitunguu: Mwamuzi ndiye anayejua sheria.

Mwamuzi: Najua. Wageni wakikuta geti limefungwa, tunapokonywa mechi. Na tukiikosa hii, tumeshuka daraja.

Maixabel: Kwa hiyo utafungua wewe.

Mwamuzi: Mimi goti hili, shemeji. Chokaa inataka kuinama.

Maixabel akanigeukia mimi. Nilisema mke wangu ana mambo Jumamosi, na nilipolisema hilo nikaona aibu, maana mke wangu hana jambo lolote. Mama Libe alikuwa anakoroga glasi isiyo na kitu. Luzia akapiga kelele toka ndani kwamba kahawa imekwisha.

Kitunguu akavua kofia, akaizungusha mikononi.

Kitunguu: Unajua, shemeji... lile povu halikuwa baya kiasi hicho.

Maixabel: Sijauliza povu. Nimeuliza uwanja anafungua nani.