Majani Kumi na Manne ya Mama Upokoina

Wasikilizaji wapendwa wa kisiwa chetu cha Atiu, na ninyi mliohamia Auckland mnaotusikiliza kwa simu huku mmejifunika mablanketi, hamjambo. Ni mimi, Vainerere, wa asubuhi za Alhamisi. Saa hii ni ya kuwakumbuka waliotutoka. Wiki iliyopita tulimkumbuka fundi wa mitumbwi, mkalia, nami nikalia. Leo msitegemee machozi yangu. Leo tunamkumbuka mwanamke niliyemchukia kwa miaka thelathini, naye akanichukia, na hakuna kati yetu aliyezembea.

Jina lake Upokoina. Mama Upokoina wa Areora. Amefariki Jumanne mchana, akiwa na miaka sabini na minne. Anazikwa kesho Ijumaa, saa tano asubuhi, mbele ya nyumba yake, kando ya mumewe, Papa Kimiora. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: kesho, saa tano, Areora.

Familia imeniomba niseme mazuri tu. Nitasema ya kweli. Mazuri yakitokea humo, vyema.

Sasa kuna jambo. Asubuhi hii, kabla sijawasha mitambo, nilimkuta binti yake, Tutai, amekaa kwenye ngazi za studio, ana kapu kubwa mapajani. Ndani ya kapu mna tivaivai ya mama yake, shuka ya majani ya kitambaa yaliyoshonewa juu kwa mkono. Si ya kutandikia wageni. Ni ile shuka aliyojishonea mwenyewe, ya kumfunika na kushuka naye kaburini. Haijaisha. Majani kumi na manne bado yameshikwa kwa bandi tu, zile nyuzi ndefu za muda tunazozing'oa mshono wa kweli ukishapita. Na kwetu mtu hashuki ardhini na bandi. Akishuka hivyo, maana yake watu wake waliiona kazi imebaki, wakatazama pembeni.

"Nimewaendea akina mama wote wanisaidie kushona, Mama Vai," Tutai akaniambia. "Mama Apii kasema, 'Mpaka Vainerere aseme.' Kila mlango jibu ni hilo hilo."

"Pitisha cherehani basi."

"Mama alisema mkono."

"Si unayo yako, aliyokupa? Mfunike nayo."

"Alisema nikijaribu, atainuka anizabe kofi."

Hapo nilimwamini. Upokoina angeinuka.

Kwa hiyo tuelewane mapema, wasikilizaji wapendwa. Majani kumi na manne. Kesho saa tano. Na neno linalosubiriwa ni langu. Tutai bado yuko nje, anasubiri. Nimemwambia nina kipindi kwanza.

Upokoina alizaliwa Areora, kwenye nyumba ya wakulima wa kahawa. Baba yake alikuwa na mashamba, na yeye, akiwa na miaka saba, ndiye aliyekuwa akishona midomo ya magunia. Kaka yake aliwahi kuniambia kwamba meli ilisubiri siku moja kwa ajili ya magunia ya baba yao, kwa sababu mtoto alikuwa anashona gunia la kahawa kama gauni la kanisani. Baba alimpiga. Mtoto akamalizia gunia huku analia, kwa mshono ule ule mdogo.

Mkono wake, siwezi kudanganya, ulikuwa mkono. Alikuwa anachukua kitambaa chekundu, anakikunja mara nane, halafu anaingiza mkasi bila kuchora hata mstari. Akikifungua, yametokea majani ya mshelisheli, kitanda kizima, hakuna hata moja lililokosea. Niliona kwa macho yangu. Niliona na wivu ukanikaba. Haya, nimesema.

Tulikuwa akina mama tisa katika chama chetu. Kila mwaka tulishona ya mmoja wetu, wote pamoja, kwenye ukumbi wa kanisa. Mwenye shuka anakata, anapiga bandi, kisha anatugawia majani, kila mtu na yake. Mwaka ule ilikuwa zamu ya Upokoina. Tivaivai ya siku ya kumkata nywele kwa mara ya kwanza mwanawe wa pili, Parakoti. Tulishona miezi saba. Mimi nilipewa majani manne, ya upande unaokaa begani mwa kiti. Nilijichoma vidole vyote.

Siku yenyewe mnaikumbuka, wengi mlikuwepo. Mtoto kakaa kwenye kiti, kiti kimefunikwa tivaivai. Nywele zake za miaka minane zimegawanywa vifundo kwa utepe, na kila mgeni anaitwa aje akate kifundo chake. Nikaitwa. Nikachukua mkasi. Nikainama.

Nilipoinama, macho yakaenda kwenye majani yangu. Nayajua majani yangu. Mshono wangu ni mkubwa, na unaelea kidogo kushoto, tangu utotoni. Yale hayakuwa na mshono wangu. Yalikuwa na mshono mdogo, ulionyooka, wa mtu mwingine.

"Upokoina," nikasema. "Mshono wangu uko wapi?"

"Majani si hayo hapo?"

"Sijauliza majani. Mshono."

"Nimeunyoosha tu."

"Umenifumua?"

"Mshono ulikuwa umelewa, Vainerere. Ulitaka mwanangu akalie mlevi?"

Watu zaidi ya mia wakacheka. Mia, wapendwa. Hata wachungaji walicheka. Na mpaka leo, kwenye vibanda vyenu vya pombe ya machungwa, mwanamume akianza kupepesuka mnamwambia, "Huyu kashonwa na Vainerere." Mnadhani sisikii? Nasikia.

Sikukata nywele. Niliweka mkasi kwenye meza ya chakula, karibu na nguruwe, nikaenda nyumbani.

Jumatatu tukaketi. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Bado ni mimi. Sikupiga kelele. Niliuliza tu: nani mwingine ameyakagua majani yake? Shuka ikaletwa. Wakakagua. Kati yetu wanane, sita tulikuwa tumefumuliwa. Alikuwa anasubiri tuondoke, anaipeleka nyumbani, anafumua, anashona upya. Miezi saba. Tulikuwa tunakuja kuimba na kula mikate yake, kumbe kazi yetu inageuzwa nyuzi za kufagia. Mama Apii, ambaye ni mpole mpaka anakera, ndiye aliyesema, "Basi ashone peke yake, maana ndivyo anavyotaka." Nikauliza nani anapinga. Hakuna mkono uliopanda.

Tulidhani ataomba radhi. Au ataacha. Upokoina akaanzisha tivaivai nne kwa mpigo.

Ndiyo, nne. Tatu za watoto wake, Tutai, Parakoti na Mataiti, na moja ya kaburi lake. Kila kitanda cha nyumba ile kilikuwa na tivaivai yake imetandazwa, na sindano imechomekwa pale alipoishia. Asubuhi anashona chumba cha mashariki. Jua likipanda anahamia cha pili. Alasiri yuko upande wa barabarani. Aliufuata mwanga humo ndani, kitanda hadi kitanda. Nusu jani hapa, robo kule, kila siku isipokuwa Jumapili. Papa Kimiora, Mungu amrehemu, alikuwa akilalamika hadharani: "Nyumba yangu ina vitanda vinne, na mimi nalala mkekani mwaka wa tisa."

Mtaniuliza nimejuaje. Nimejua kwa sababu kila mwaka, ukaguzi wa usafi wa nyumba unapopita, mimi niko kwenye kamati. Naingia na daftari. Naangalia jiko, naangalia choo, na kwa Upokoina nilikuwa naangalia vitanda. Nilihesabu majani. Nilihesabu kila mwaka.

"Majani tisa mwaka mzima?" nilimwambia ule mwaka wa kwanza. "Kobe angekupita."

"Na wewe umeongeza kilo ngapi?"

Nikamkata alama mbili kwa uzi niliouona sakafuni. Mwaka uliofuata yalikuwa ishirini na moja. Mwaka wa tatu, thelathini na nane. Hakuna mwaka hata mmoja nilioingia nikaikuta kazi pale pale nilipoiacha. Na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mtu mkimfukuza, wapendwa, inapaswa adorore kidogo, angalau kwa heshima. Huyu alikuwa anasonga tu.

Ya Parakoti ilikwisha mwaka wa kumi na moja, akaoa nayo. Ya Mataiti ikafuata. Ya Tutai ilikwisha miaka mitano iliyopita. Ya kwake ilikaa chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo, ikashonwa kwa mwanga uliobaki baada ya watoto kupata wao.

Halafu sukari ikaingia machoni. Mwaka huu, kamati ilipopita, nilimkuta pua imegusa kitambaa. Hakuinua kichwa. Alinijua kwa mlio wa miguu.

"Ingia, Vainerere. Leo unakata ngapi?"

"Mbili."

"Za nini? Sakafu imefagiliwa."

"Mazoea."

Akasonya. Nikaandika mbili. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho duniani, na sijutii kitu.

Sasa turudi kwenye ngazi, asubuhi hii. Nilimwambia Tutai aigeuze ile shuka. Nilitaka kuona mgongo wake, maana mshonaji anafichika mbele, hafichiki nyuma. Nikaanza pembeni. Mshono wake, mdogo, umenyooka, unakera. Jani baada ya jani. Kisha karibu na katikati, pale kabla bandi hazijaanza, nikakuta majani sita ya ajabu. Mshono mkubwa. Unayumba. Unaelea kushoto, unarudi, unapotea.

"Nani kashona haya?" nikamuuliza.

"Mama mwenyewe. Tangu Pasaka."

"Na hakufumua?"

Tutai akavuta pembe ya shuka aikunje.

"Sema, mtoto."

"Alipitisha kidole juu yake, Mama Vai. Akacheka sana. Akasema, 'Acha hivyo hivyo. Nimefika kwa Vainerere.'"

Mnamsikia? Kafa tangu Jumanne, na bado ananitukana.

Nilikaa pale na ile nguo magotini, nikayahesabu tena kwa kidole.   Majani sita. Mwanamke aliyefumua watu wazima sita, ameyagusa kwa kidole, ameujua ubaya wake, na ameyaacha.

Msianze kunipigia simu kuniambia nimesamehe. Mchungaji, hata wewe. Sijasamehe. Alinifanya kichekesho mbele ya watu mia, na hakuna siku aliyokuja kusema samahani, na alikuwa na miaka thelathini ya kuja. Areora si mbali. Lakini mimi nilipiga kura ashone peke yake. Sikupiga kura azikwe na bandi. Hayo ni mambo mawili, na la pili hakuna aliyeniuliza.

Ndipo penye la kutafakari leo. Nyote mliomwambia mfiwa, mlangoni, na machozi yake, "Mpaka Vainerere aseme," kaeni na jibu lenu mlisikilize. Nilisema mara moja, miaka thelathini iliyopita. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kurudi kuniuliza kama bado nasema. Mlijificha nyuma ya gauni langu, na lilikuwa linawatosha. Mama Apii, na wewe. Mlikuwa mnapita mbele ya dirisha lake mkielekea kwenye mikutano yetu, mnamwona kainama peke yake, mnaongeza mwendo. Mimi pia niliongeza. Na mimi nilikuwa na daftari, nilikuwa naona vizuri kuliko ninyi nyote.

Kwa Tutai, kwa Parakoti, kwa Mataiti ambaye ndege yake inatua leo alasiri, redio hii inawapa pole. Nami nawapa pole. Mama yenu alikuwa mgumu, na aliwashonea kila mmoja wenu kitanda kizima kwa mkono wake mwenyewe. Mungu awatie nguvu.

Haya, nasema sasa. Ni saa nne na nusu. Tunakwenda nyumbani kwake, si ukumbini. Lete sindano, uzi mwekundu na miwani yako. Usilete chakula, na usilete nyimbo, kesho kuna nafasi ya vyote. Sisi wa zamani tumebaki watano. Mabinti zenu waje, na wasiojua kushona waje kututungia uzi. Asiyetaka kuja asije, ila mwakani nitapita nyumbani kwake na daftari. Majani ni kumi na manne. Manne ni yangu, na nitayashona kama ninavyoshona siku zote.

Kipindi kina dakika ishirini zaidi. Fundi wetu atawawekea nyimbo za kanisa, mimi natoka. Tutai, mwanangu, najua unanisikia hapo nje. Inuka kwenye ngazi, shika upande mmoja wa kapu. Twende kwa mama yako.