Gitaa Tulilochangia Mimi na Odera

Mungu wetu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Jina langu ni Nashon, wa hapa Kondele. Leo sikuja kujisifu. Nimekuja kusema jambo linaloniuma hata baada ya kuokoka.

Miaka ile ya baada ya Uhuru nilikuwa kibarua pale bandarini Kisumu, pamoja na rafiki yangu Odera. Wakati ule kila kijana alitaka kupiga gitaa. Tukachanga pesa, tukanunua moja kuukuu kwa Mhindi mmoja mwenye duka. Tukakubaliana likae kwangu wiki moja, na kwake wiki moja.

Wiki zangu nilizimalizaje? Aibu tupu! Siku mbili za kwanza nyuzi zilinitoa malengelenge, nikaacha. Lakini Jumapili nilivaa suruali ya kupanuka chini, nikalitia gitaa begani, nikazunguka nalo Kondele yote ili wasichana waseme yule ni mwanamuziki. Hata wimbo mmoja sikuujua!

Odera naye, akitoka kazini, alikuwa anaketi na kurudia kipande kimoja polepole, kile kile, mpaka majirani walalamike. Aliniambia, "Nashon, vidole vitazoea. Wewe piga kidogo kila siku, hata kama ni vibaya." Nikamcheka. Baada ya mwaka watu wakaanza kumwita Odera kwenye harusi, na mimi nabeba kiti chake. Ndugu zangu, wivu ulinila!

Wiki moja, gitaa likiwa zamu yangu, niliona mawingu yanatoka ziwani. Nikalitoa nje, nikaliegemeza ukutani, nikaenda zangu. Makusudi! Niliporudi mbao zilikuwa zimeachana na shingo imepinda. Nikamwambia Odera nililisahau, nikalia machozi ya uongo. Na yeye, jamani, ndiye aliyenipa pole! "Pole, omera, ndugu yangu, tutapata lingine." Hatukupata. Alioa, watoto wakaja, hakupiga tena.

Miaka ikapita, Odera akaugua kifua, akafa. Mnajua matanga yetu, bila muziki ni kama marehemu hakuwa na watu. Nyumbani kwao Nyakach palikuwa na kijana na gitaa lake. Mama yake Odera akaniita mbele ya watu wote. "Nashon, wewe ndiye uliyeshiriki gitaa na mtoto wangu. Mpigie wimbo mmoja tu, tumsindikize."

Nikapewa lile gitaa. Nikalishika. Vidole havikujua pa kwenda! Watu wakangoja, wengine wakaanza kunong'ona. Ndipo nikaanguka magotini kando ya jeneza nikasema yote: mvua, uongo, wivu. Nilidhani watanipiga. Mama akasema, "Gitaa lilikufa, na mtoto wangu amekufa. Wewe hujafa. Enda ujifunze."

Jumapili iliyofuata nilimpa Yesu maisha yangu. Haleluya! Akaniondolea ule wivu, lakini vidole hakunilainishia. Nilikuwa mtu mzima na watoto, nikafundishwa na vijana wa kwaya, wananicheka. Mara ngapi nilitaka kuacha! Kila nikitaka kuacha nakumbuka maneno ya Mama, nakaa tena, napiga kidogo, hata kama ni vibaya. Ilinichukua miaka miwili kupata wimbo mmoja wa sifa. Nikaupeleka Nyakach, nikampigia Mama mlangoni pake. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante. Odera angepiga vizuri zaidi."

Ni kweli, ndugu zangu. Angepiga vizuri zaidi, na mimi ndiye niliyewanyima ninyi nyote kumsikia.

Namshukuru Mungu alinisamehe. Mwamini, atakusamehe na wewe. Lakini kama kuna mtu uliyemharibia kitu chake, usingoje kama mimi. Toka hapa uende kwake leo, angali anaweza kukujibu.