Gawanya kwa Mbili: Maisha ya Moffat Theuri Gicheru, 1949–1981

Mchungaji, wazee, akina mama, majirani wa Ruring'u na ninyi nyote mliofika hapa Naro Moru tangu asubuhi, maneno haya yameandikwa na Watiri, mke wa marehemu, na yanasomwa na Peterson, mdogo wake marehemu, kama yalivyoandikwa, bila kupunguzwa. Watiri ameomba hasa sehemu ya mita isomwe yote, kwa sababu wako watu hapa ambao kwa miaka mitano wamesema kwamba Theuri alikosa kazi ya serikali kwa uzembe.

Moffat Theuri Gicheru alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika shamba la mzungu karibu na hapa, ambako baba yake, marehemu Gicheru Theuri, aliendesha pampu ya maji, na mama yake, Waithira, ambaye ameketi nasi, alichuma pareto. Alikuwa kifungua mimba wa watoto wanne, na kwa desturi yetu akapewa jina la babu yake mzaa baba. Mwaka 1954 familia ilihamishwa pamoja na wengine hadi kwenye kijiji cha Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, ikakaa huko mpaka watu waliporuhusiwa kurudi mashambani.

Alianza shule ya msingi Januari 1957, lakini mwaka 1959 aliugua homa ya viungo, akalala miezi minane, na daktari akasema amepona, kumbe homa ilikuwa imeingia moyoni, jambo lililojulikana miaka ishirini baadaye. Akiwa kitandani alifungua redio mbovu ambayo baba yake alipewa na tajiri wake, akaifunga tena, zikabaki skrubu mbili ambazo hakujua zilitoka wapi, na redio ikazungumza. Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1964, akaingia shule ya sekondari mjini Nyeri Januari 1965, akamaliza kidato cha nne Novemba 1968, akiwa wa pili katika fizikia.

Februari 1969 aliajiriwa na Mzee Mburugu, mtu wa Meru, aliyekuwa na duka la kutengeneza redio mjini Nyeri, na baba yake alifariki Juni mwaka huohuo, hivyo mshahara wake wa kwanza ndio uliomsomesha huyu anayewasomea maneno haya. Alikaa kwa Mburugu miaka minne, kisha mwaka 1973 akaweka meza yake mwenyewe kwenye baraza ya jengo hilohilo, pamoja na fundi mwenzake Mutahi, ambaye alifanya naye kazi meza moja hadi mwisho.

Alifunga ndoa na Watiri tarehe 18 Desemba 1971, baada ya ruracio, yaani mahari, kukamilika kwa wazazi wa bibi harusi huko Karatina, wakapanga chumba kimoja Ruring'u, pale Nyeri. Mwana wao wa kwanza, Gicheru, alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1972, na binti yao Waithira tarehe 2 Agosti 1975, na kwa kuwa binti huyu amebeba jina la nyanya yake, Theuri hakumwita kwa jina, alimwita Maitu, yaani mama, na alipomtuma kuleta maji alimwomba kwa adabu kama mtu mzima. Wachuka, kitinda mimba, alizaliwa tarehe 11 Mei 1979.

Sasa ni mita. Redio inapokufa, mara nyingi kilichokufa ni kapasita, kidude kidogo kinachoweka umeme kwa muda, na huwezi kujua kwa macho kama ni kizima, kwa hiyo mafundi wengi hubadilisha kimoja baada ya kingine mpaka redio iseme. Theuri hakupenda kazi ya kubahatisha. Katika jarida la Uingereza aliona mita ya kupimia vipuri hivyo na vingine, inayoletwa kwa posta ikiwa vipande vipande, mtu aunganishe mwenyewe nyumbani, akaiagiza, na kifurushi kikafika Juni 1975. Mzee Mburugu alikitazama akacheka, akasema, "Sasa hiyo mita ikiisha, wewe utaipima na nini?" Theuri akamjibu kwamba haihitaji kupimwa ikiwa kila kitu kimekaa mahali pake.

Mita hiyo ilipima kwa kulinganisha, jinsi mizani ya dukani inavyohitaji jiwe la kilo, na jiwe lake lilikuwa kapasita moja ya kuaminika iliyokuja na kifurushi. Theuri alipanga vipuri vyote juu ya meza ya nyumbani, ambayo ilikuwa moja tu, kila kipuri juu ya karatasi yake yenye namba, akaonya kisiguswe kitu. Tarehe 9 Agosti, mtoto akiwa na siku saba, Watiri aliletewa habari kwamba akina mama wa kanisa wako njiani na vibuyu vya uji kuja kumwona mtoto, na wageni wa mtoto hawawekewi uji sakafuni, kwa hiyo alikusanya vipuri vyote kwenye ungo, akavichagua kama anavyochagua maharagwe, vya rangi moja pamoja, na vya umbo moja pamoja, akavitia katika mikebe mitatu kwa usafi kabisa, na zile karatasi akawashia jiko.

Theuri alirudi saa kumi, akaona mikebe, hakugomba. Vipuri vingi alivitambua kwa mistari yake ya rangi, lakini kulikuwa na kapasita mbili za kufanana, zisizo na maandishi yoyote, na moja ndiyo ile ya kuaminika. Akamuuliza Watiri ni ipi iliyokuwa upande wa dirisha, kwa kuwa ndiko alikoiweka ile ya kuaminika. Mtoto alikuwa akilia, vikombe vilikuwa havijaoshwa, na Watiri akaichukua moja akasema, "Ni hii," kwa sauti ya mtu anayejua. Hakujua. Alitaka maswali yaishe. Theuri akaipokea, na hakuwa na kifaa cha kuipimia, kwa maana kifaa chenyewe ndicho alichokuwa akikitengeneza.

Aliimaliza mita Novemba 1975. Alipojaribu kapasita za redio kuukuu zote zilisoma juu kuliko zilivyoandikwa, akasema vitu vya zamani huchakaa, na mita ilikuwa nzuri kutazama, kila mguu wa kipuri umelehemiwa ukang'aa. Tarehe 12 Februari 1976 aliitwa kwenye usaili wa kazi ya fundi katika idara moja ya serikali, kazi yenye nyumba na pensheni, na kila mwombaji alitakiwa kuleta kitu alichotengeneza kwa mikono yake. Mkaguzi mmoja alitoa kapasita mpya kwenye pakiti, akaipima, ikasoma mara mbili ya ilivyoandikwa, akapima ya pili, ikawa vivyo hivyo, akamuuliza, "Uliijaribu kabla ya kutuletea?" Theuri akasema aliijaribu. "Na hukuona?" Waliandika kwamba si mwangalifu, habari ikafika Ruring'u kabla yake, na kwa muda mrefu kila alipopita dukani alisikia, "Theuri, njoo unipimie sukari, niuziwe kilo moja nipate mbili!"

Siku hiyo aliweka mita mezani, hakula, akachora na kufuta mpaka akasema kwamba kosa ni mara mbili kamili kila mara, na kosa la namna hiyo si la mkono uliotetemeka, ni la jiwe la mizani lililo nusu. Kisha akauliza, "Mama Gicheru, ile siku ya uji, ulikuwa na hakika?" Watiri akasema hakuwa nayo. Theuri akacheka kidogo, akasema, "Mburugu aliniuliza nitaipima na nini. Nimeipima na wewe." Watiri alitaka kwenda ofisini kesho yake aeleze, lakini Theuri alikataa, akasema, "Uende useme nini? Ati bibi ndiye alichanganya? Watauliza kama ni wewe ulikuwa unatafuta kazi." Watiri hakwenda, si kesho yake wala baadaye, ingawa ofisi haikuwa mbali na alipita mbele yake kila siku ya soko.

Theuri alijaribu kuzihamisha zile kapasita mbili, kila moja mahali pa mwenzake, lakini alipoitoa ile iliyo sahihi, mguu wake ulikatika kwenye shina, na nyingine kama hiyo haikupatikana Nyeri wala Nanyuki. Akairudisha mita kama ilivyokuwa, akabandika plasta ya hospitali usoni pake, akaandika kwa kalamu, "Kapasita: gawanya kwa mbili," na tangu hapo hakuwahi kukosea, na mafundi wa Karatina na Naro Moru waliokuwa wakimcheka walileta vipuri vyao kwake. Hakutafuta tena kazi ya serikali. Hakumtaja Watiri kwa mtu yeyote, na alipotaniwa alisema tu kwamba mita ni yake.

Mwaka 1979 alianza kuishiwa na pumzi akipanda mlima kutoka mjini, miguu ikavimba, na madaktari wakaona kwamba milango ya moyo imeharibika tangu ile homa ya utotoni. Alilazwa Nyeri mara nne, na Nairobi mara moja, Machi 1981, ambako alielezwa juu ya upasuaji na kuwekwa kwenye orodha. Alifanya kazi ameketi mpaka tarehe 19 Septemba. Alifariki hospitalini Nyeri tarehe 3 Oktoba 1981, saa moja asubuhi, Watiri akiwa ameenda kutafuta maji ya moto. Alikuwa na miaka thelathini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya wanaume, waliomruhusu kuweka redio chini ya mto, majirani wa Ruring'u waliokaa na watoto, akina mama wa kanisa, ambao walileta uji tena na hawana lawama yoyote katika yaliyosomwa, Mzee Mburugu aliyesafiri kutoka Meru kwa umri wake, na Mutahi, aliyempelekea kazi kitandani ili asijione hana kazi.

Mita itabaki mezani kwa Mutahi, na Watiri anaomba ile plasta isibanduliwe. Mtu akipima kitu kingine, asome kama ilivyo. Akipima kapasita, agawanye kwa mbili, na akiulizwa kwa nini, aseme kwamba mkono wa fundi haukukosea, aliambiwa vibaya nyumbani, akaamini.

Pumzika kwa amani, Baba Gicheru. Imesomwa.